Jangwa la mchoraji na jangwa la Turkana: Jinsi ya kupanga safari ya Lodwar, Kakuma na Nakalale

WAPO wasafiri waendao jangwani kutafuta wanyama, wapo wanaofuata mifupa ya binadamu wa kale, na wapo wale walioiona picha ukutani au kitabuni, wakanaswa na rangi zake, wakaapa kwamba lazima siku moja wauone mchanga huo kwa macho yao. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya kundi hili la tatu. Hao ndio hujiandaa vibaya kuliko wenzao, kwa sababu picha huwa imewaaminisha kwamba tayari wanalijua jangwa.

Mchoraji anayetajwa mara nyingi katika habari hizi ni Georgia O'Keeffe, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1887 na kufariki mwaka 1986. Mnamo mwaka 1929 alikwenda katika jimbo la New Mexico, akanunua gari aina ya Ford Model A, akajifunza kuliendesha, kisha akaligeuza kuwa karakana yake. Aliegemeza picha kwenye kiti cha nyuma, akachora akiwa ndani ya gari huku madirisha yakimkinga na jua na nyuki. Mlima mmoja wenye kilele bapa uitwao Pedernal aliuchora mara nyingi mno. Alizoea kutania kwamba Mungu alimwambia akiuchora vya kutosha atapewa uwe wake, na alipofariki majivu yake yalitawanywa huko huko.

Tangu hapo watu huingia barabarani kufuata nyayo zake, wakisimamisha magari mahali aliposimama na kulinganisha kilima na picha. Ni utalii wa heshima, wala hauna ubaya. Lakini msomaji wa Kiswahili mwenye hamu ya namna hiyo hana haja ya visa wala tikiti ya ndege. Akishuka kutoka Kitale hadi Lodwar, kisha akaifuata barabara kuu ya A1 kuelekea Kakuma, atakuta vilima vyeusi vya mawe ya volkano, uwanda wa mchanga usiokatika, na safu ya Pelekech ikibadilika rangi kadiri jua linavyosogea. Kaskazini mwa barabara hiyo iko Nakalale, wadi ya Turkana Kaskazini, ambako lami huachwa nyuma na safari ya kweli huanza.

Swali ni je, mchoraji anaweza kuaminiwa kama kiongozi wa njia?

Kwa sehemu, ndiyo. Mchoraji humfundisha mtu kuketi mahali pamoja kwa saa nyingi, jambo ambalo mtalii mwenye kamera hulichukia. Humfundisha pia kwamba kile kiitwacho kahawia kina rangi kumi ndani yake. Lakini O'Keeffe alichora jangwa la nyanda za juu. Abiquiú, kijiji alichokaa, kiko kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwenye latitudo ya digrii 36 kaskazini. Huko majira ya baridi huleta theluji, na hata wakati wa joto usiku hupoa. Lodwar iko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, digrii tatu tu kaskazini mwa ikweta. Joto la mchana hufika nyuzi 35 na kupita, na mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 200 tu. Anayedhani atachora akiwa ndani ya gari kama bibi yule atakuta kwamba ifikapo saa nne asubuhi gari limekuwa tanuri.

Mwanga nao haulingani. Katika latitudo za kaskazini jua huteremka kwa mshazari, na vivuli virefu vinavyopendwa na wachoraji hukaa muda mrefu. Turkana jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu, likapanda wima, na kufikia saa tatu milima huwa imebapazwa na mwanga mkali usiobakiza kivuli cha maana. Mwishoni mwa Machi, na tena katikati ya Septemba, jua hupita utosini hasa, na mnamo saa sita na nusu mchana kivuli cha mtu humezwa na miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo siku ya mchoraji huko ni vipande viwili vifupi: alfajiri hadi saa tatu, na saa kumi hadi magharibi. Saa zilizo katikati ni za kivuli, maji na usingizi. Wafugaji wenyewe hupumzika saa hizo, na haifai mgeni kujifanya mjuzi kuwashinda.

Kuna tofauti nyingine ambayo ni kubwa kuliko ya joto. Katika mandhari za O'Keeffe za New Mexico hamna watu. Kuna mlima, kuna fuvu la ng'ombe, kuna anga, lakini mchungaji, mwanamke mwenye mtungi au mtoto hawaonekani. Anayeitazama picha huondoka akiamini kwamba nchi ile ni tupu na inamsubiri yeye. Haikuwa tupu. Pedernal, mlima alioutania kuwa wake, ulikuwa na heshima ya kidini kwa Wanavajo kabla hajazaliwa.

Kenya ilikuwa na mchoraji aliyefanya kinyume chake. Joy Adamson, aliyezaliwa mwaka 1910 huko Troppau, mji ambao leo huitwa Opava na uko katika Jamhuri ya Czech, anakumbukwa kwa habari za simba Elsa. Kabla ya sifa hiyo alikuwa mchoraji, na mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa jamii mbalimbali za nchi hii wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Alichora mamia ya picha, zikiwamo za Waturkana, na nyingi zimehifadhiwa na Makavazi ya Taifa. Ndani yake mtu ameonyeshwa kwa uangalifu wa ajabu: shanga, manyoya, udongo wa kichwani, pete ya mdomo. Lakini nyuma yake kwa kawaida hamna kitu. Hakuna mlima, hakuna kisima, hakuna mbuzi. Mtu ameng'olewa nchini mwake akawekwa kwenye karatasi tupu.

Mmoja alituachia nchi isiyo na watu, mwingine watu wasio na nchi. Anayepanga safari ya Nakalale hana budi kuziweka picha hizo mbili juu ya meza moja. Akiibeba ile ya kwanza pekee atafanya makosa ambayo huko hulipiwa kwa maji, na pengine kwa uhai.

Ikumbukwe pia kwamba upweke wa Turkana kwa kiasi fulani ulitengenezwa kwa sheria. Wakati wa ukoloni eneo hilo lilikuwa wilaya iliyofungwa, na mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Adamson aliweza kusafiri maeneo kama hayo kwa urahisi zaidi kuliko wengine kwani alikuwa na kazi ya serikali mkononi, na mumewe George alikuwa ofisa wa wanyamapori katika maeneo ya kaskazini. Umbali huo huo ndio uliowafaa wakoloni walipotaka kumficha Jomo Kenyatta, aliyefungwa Lokitaung kuanzia mwaka 1953, kisha akazuiliwa Lodwar kati ya 1959 na 1961. Nyumba aliyokaa Lodwar bado ipo, na mwenye nafasi aitembelee kabla ya kuanza kusifu ukimya wa jangwa. Kwa Kenyatta na wenzake ukimya huo ulikuwa sehemu ya adhabu.

Tuingie sasa katika safari yenyewe. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni kiasi cha kilomita 300, kupitia Kapenguria, Ortum, Marich, Kainuk na Lokichar. Barabara hiyo ilijengwa kwa msaada wa Norway katika miaka ya 1980. Mwaka 1990 Kenya ilivunja uhusiano wa kibalozi na Norway, na lami ile ikaachwa ikamomonyoka hata madereva wakaona ni heri kupita mchangani kando yake. Ukarabati mkubwa ulikuja baada ya Benki ya Dunia kuidhinisha fedha mwaka 2015 kwa ajili ya njia ya kilomita 338 kutoka Lokichar hadi mpaka wa Sudan Kusini. Leo sehemu kubwa ya safari ya Lodwar hadi Kakuma, kiasi cha kilomita 120, ni lami, na hatari imebadilika sura. Zamani gari lilivunjika chuma kwa mashimo, sasa linakwenda kasi na kukutana na ngamia aliyelala barabarani, kwa kuwa lami huhifadhi joto usiku. Usiendeshe baada ya jua kutua.

Usalama ni suala la kuulizwa upya kila mara. Mnamo Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita, Turkana na Pokot Magharibi zikiwamo, kuwa maeneo hatari, na ikatuma wanajeshi kuwasaidia polisi dhidi ya wezi wa mifugo. Kipande cha Marich, Kainuk hadi Lokichar ndicho kimetajwa mara nyingi katika mashambulizi ya barabarani. Kabla ya kukipita, simama kituo cha polisi, uliza hali ya siku hiyo, na ukiambiwa usubiri msafara wa magari, subiri. Sababu ya kuhimiza hili ni kwamba msafiri mwenye shauku ya mwanga wa alfajiri hushawishika kuondoka Marich gizani ili afike uwandani jua linapochomoza. Hakuna picha ya thamani hiyo.

Upande huo wa Pokot una hatari yake nyingine, maporomoko. Mnamo Novemba 2019 mvua kubwa iliangusha milima juu ya vijiji, ikaua zaidi ya watu 40 na kukata madaraja ya barabara hii. Ratiba ya mwezi wa mvua iachiwe siku mbili za ziada, na fedha za kuzilipia.

Ukishafika uwandani, adui huwa laga. Huo ni mto wa msimu, ambao kwa miezi mingi ni njia pana ya mchanga mweupe yenye miti mikubwa kandoni. Kwa macho ya mchoraji hakuna mahali pazuri zaidi pa kupiga hema: kivuli kipo, mchanga ni laini, ukingo umekatwa kama kwa kisu. Maji hayatangazi kuja. Mvua hunyesha milimani magharibi, mbali na macho, na mafuriko hufika chini ya anga safi yakiwa na magogo na mizoga. Mto Kawalase umewahi kuifurika Lodwar, na Tarach huko Kakuma umechukua watu na nyumba. Kwa sababu hiyo hema hupigwa juu ya ukingo. Ukikuta laga imejaa, zima gari ukae. Mara nyingi maji hupungua baada ya saa chache. Madereva wengi waliosombwa hawakuwa wageni, walikuwa wenyeji waliokuwa na haraka.

Gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne iwapo utakwenda nje ya lami, na liwe na spea mbili, pampu ya upepo, beleshi, na kamba imara ya kuvutia. Mchangani punguza upepo wa magurudumu, kisha ujaze tena ukirudi kwenye lami. Mafuta yajazwe Kitale na Lodwar, na tena Kakuma. Maji ya kunywa yasipungue lita tano kwa mtu mmoja kwa siku, na yagawanywe katika mitungi kadhaa, kwani mtungi mmoja ukipasuka huwa umepasua safari nzima. Mitandao ya simu ipo katika miji na kando ya barabara kuu, lakini hukatika upesi ukiiacha. Mjulishe mtu Lodwar siku unayotarajia kurudi.

Kuna atakayeuliza kwa nini kubeba maji yote hayo ilhali magazeti yaliandika kwamba Turkana imekalia bahari ya maji. Ni kweli kwamba mwaka 2013 ilitangazwa kuwa hazina kubwa ya maji imegunduliwa chini ya uwanda wa Lotikipi, na nchi nzima ikashangilia. Visima vilivyochimbwa baadaye vilionyesha kuwa maji hayo yana chumvi nyingi mno kwa matumizi ya binadamu. Wakati wa kiangazi, katika sehemu nyingi, maji bado ni ya kuchimbwa kwa mikono ndani ya mchanga wa laga, shimo likizidi kimo cha mtu huku wanawake wakipokezana vibuyu na karai kutoka chini hadi juu.

Shimo hilo lina mwenyewe. Aliyelichimba na jamaa zake ndio wenye haki nalo, na wengine huomba. Mgeni anayeshuka na mtungi wake bila salamu, au anayechota maji ya kuoshea kioo cha gari, hajavunja adabu tu, amekula jasho la mtu. Miti nayo ni hivyo hivyo. Kandokando ya mito kama Turkwel, migunga inayozaa maganda ya kulisha mbuzi huwa chini ya haki ya familia fulani, haki ya kurithiwa ambayo Waturkana huiita ekwar. Mti ule uliousimamia gari kwa sababu kivuli chake kinapendeza pichani ni ghala la chakula la mtu. Kukata tawi lake kwa ajili ya moto ni sawa na kuingia shambani na kuvunja mahindi. Kuni zibebwe kutoka mjini, au zinunuliwe. Kichaka cha mathenge, kile cha kijani kilichojazana kando ya barabara, ni habari nyingine. Kililetwa na wataalamu miongo kadhaa iliyopita ili kuzuia jangwa lisienee, na sasa wafugaji wengi wangefurahi kuona umekikata chote.

Halafu kuna mifupa. O'Keeffe alijulikana sana kwa mafuvu yake. Ukame wa mwaka 1930 ulikuwa umeua mifugo mingi New Mexico, naye akaokota mifupa, akajaza pipa zima na kulisafirisha mashariki ili achore akiwa nyumbani. Wafuasi wake wakifika Turkana hufurahia kukuta kwamba mifupa haiko adimu. Ni vyema wajue ilitoka wapi. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikosekana, na nchini Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ikafa, hasa kaskazini. Kichwa cha ngamia kilichong'arishwa na jua kilikuwa maziwa ya watoto wa nyumba fulani. Kukichora si kosa. Kukipanga juu ya jiwe na kupiga nacho picha ya kuchekesha huku mwenye mali akitazama kutoka chini ya mti, hilo mimi naliona kosa.

Ndiyo maana kituo cha kwanza katika Nakalale, au kijiji kingine chochote nje ya lami, ni kwa chifu au naibu wake, na kutoka hapo ni kwa wazee waliokaa chini ya mti wao. Salamu ni "Ejoka", na hujibiwa "Ejok". Eleza umekuja kufanya nini, utalala wapi, siku ngapi. Omba kijana mwenyeji afuatane nawe na umlipe ujira wa haki kwa siku. Atakuonyesha njia, atajua ni laga gani inapitika, na atakueleza kilima kile kinaitwaje. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei, kuingia na kupiga picha kunahitaji idhini ya Idara ya Huduma za Wakimbizi, nayo iombwe mapema. Kambi si mandhari ya kupitia dirishani.

Mwenyeji huyo atakufaidi kwa jambo ambalo vitabu vya sanaa havina. Waturkana wana msamiati mpana wa rangi na mabaka, uliotokana na mifugo. Mnyama mweupe, mwekundu, wa manjano, mwenye madoa, mwenye mistari, kila mmoja ana neno lake, na maneno hayo huingia katika majina ya watu. Akwang ni weupe, na yuko mtu aitwaye Lokwang. Mwanamume huwa na maksai ampendaye, humtungia nyimbo za kusifu rangi na pembe zake, na hujulikana kwa jina la mnyama huyo. Hata majira yamo katika majina: Lokiru na Nakiru ni wa wakati wa mvua. Ukiketi na mzee wa namna hiyo ukamwonyesha rangi zako na kumwomba akutajie kila moja kwa mnyama wake, utapata asubuhi moja mafunzo ambayo mchoraji aliyejifungia garini asingeyapata kwa mwaka. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu bora ya kwenda Nakalale, kuliko Pelekech na machweo yake.

Watu wachorwe kwa ridhaa yao, na malipo yakubaliwe kabla ya brashi kuloweshwa. Mchoro una faida moja dhidi ya kamera: anayechorwa huuona ukikua, na anaweza kusema basi. Beba karatasi za kutosha ili umwachie nakala yake. Rangi za maji hukauka huko kabla hujazichanganya, kwa hiyo fanya kazi kwa vipande vidogo. Za mafuta hunasa vumbi, kwani upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu tangu asubuhi, na picha mbichi isafirishwe ndani ya sanduku lililofungwa.

Jambo la mwisho ni la uchafu wa kazi yenyewe. Baadhi ya rangi za wachoraji, hasa nyekundu, manjano na buluu za ghali, hutengenezwa kwa kadimiamu au kobalti, ambazo ni sumu, na mafuta ya tapentaini si ya kumwagwa ovyo. Mchangani maji machafu hayapotei, hushuka mpaka yalipo mengine. Maji yote ya kusafishia brashi yarudishwe ndani ya chupa yenye kifuniko, iandikwe wazi kwamba si ya kunywa, na isafirishwe nawe hadi Lodwar au mbele zaidi. Usiiache kwa mtoto anayekuomba chupa tupu.